Mwanamke wa Masikio Matupu

Sikutoka Likoni kwa matembezi. Nilitoka kwa sababu ya neno moja lililoandikwa chini ya picha ya mwanamke aliyekufa zamani, neno ambalo lilikuwa karibu kuvunja harusi ya mwanamke aliye hai.

Mimi ni mpiga picha za harusi, jina langu Rukia, na nyumba yangu iko Likoni, si mbali na kivukoni. Kazi yangu wanaume hawaiwezi hata wakijua kamera kunishinda. Huku kwetu, bibi harusi anapopambwa na kuonyeshwa, ndani huwa ni wanawake tu, na mwenye kamera naye hana budi awe mwanamke. Kwa hivyo nimezoea kuona nyuso ambazo jirani wa kiume wa nyumba ya pili hajawahi kuziona, na nimezoea kunyamaza juu yake.

Ndiyo sababu Mwalimu Kilonzo alinitafuta. Huyu ni mwalimu wa sanaa aliyestaafu, Mkamba wa Machakos, na amekaa Mikindani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuwa akitayarisha maonyesho madogo katika ukumbi wa mtaa wao: picha za watu zilizopigwa na wanawake katika karne ya kumi na tisa. Picha zenyewe zilikuwa sita, nakala alizotumiwa na rafiki zake wa ng'ambo. Alitaka mwanamke wa kamera aandike maelezo ya kila moja, mistari mitatu minne, watu wa kawaida waelewe wanachokitazama. Nilifurahi kupita kiasi. Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna aliyewahi kuniuliza naona nini ndani ya picha. Huniuliza zitakuwa tayari lini.

Tano nilizimaliza bila tabu. Moja ni ya mama wa Ulaya aliyempiga picha mtumishi wake wa jikoni akiwa kamvisha nguo za malkia. Niliandika kwamba mtumishi yule ameishika fimbo ya kifalme vilevile ashikavyo mwiko, na kwamba mpigaji bila shaka aliliona hilo na akaliacha. Nyingine ni ya dada wawili dirishani waliopigwa na dada yao wa tatu, nao wanaitazama kamera kwa jicho la kumwambia afanye upesi. Kuna na ya mke wa tajiri wa Bara Hindi, aliyepigwa na mwanamke mwenye studio ya wanawake wa ndani. Hiyo niliielewa mara moja, maana ni kazi yangu mimi.

Ya sita ilikuwa ya kwetu. Ni mwanamke wa Mombasa, kapigwa na bibi wa Kizungu aliyepita pwani mwishoni mwa karne ile na sanduku lake la kamera. Jina la mpigaji halijulikani, wala la aliyepigwa. Amekaa juu ya mkeka, mikono mapajani, kajitanda shuka ya rangi ya giza isiyo na maua, na macho ameyatupa chini. Hana cheni, hana bangili, hana kipini puani. Nilimwambia Kilonzo anipe muda niitazame vizuri. Hakunipa. Alitengeneza tangazo, akaiweka picha ile juu, na chini yake akaandika: Mjakazi wa Mombasa. Tangazo likaingia katika simu za watu, na simu za Mombasa hazilali.

Jumatatu jioni nilipigiwa na msichana.

"Shikamoo, shangazi Rukia. Mimi Salma, wa Junda. Ulimpiga picha binamu yangu Maryamu harusini."

"Marahaba, mwanangu. Nakukumbuka."

"Ile picha ya tangazo ni nyanya yetu. Imetundikwa chumbani kwa nyanya yangu tangu mimi sijazaliwa. Wameandika ni mjakazi, na mama wa mchumba wangu kaiona. Ameniuliza kama ni kweli. Ameniuliza kwa upole, shangazi, na huo upole ndio ulionitia hofu."

Nilimwelewa. Salma ni mfamasia, ana akili zake, na kijana mwenyewe wamependana. Posa ilikuwa imekubaliwa na mahari yametajwa. Lakini wakwe ni watu wa Mji wa Kale, wa zile nyumba ambazo mtoto hufundishwa majina ya babu zake kabla ya kufundishwa kuhesabu. Watu hupenda kusema mambo ya nani alikuwa mwungwana na nani alikuwa mtumwa tumeyaacha. Uongo mtupu. Tumeacha kuyasema hadharani, basi. Ukoo ukishikwa na neno lile, hakuna atakayekutukana. Utasikia tu posa imepoa.

Nilimwambia nitakwenda kwa Kilonzo, kisha nitakwenda kwao, na picha haitapata maelezo mpaka nijue inasema nini. Nilikasirika, sikatai. Nilimkasirikia Kilonzo kwa haraka yake, na nikajikasirikia mwenyewe kwa kuwa sikuwa na neno jingine la kumpa.

Jumatano asubuhi, kivukoni. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inayokupeleka hadi upande wa Mikindani bila kugusa maji, na mwanangu hunicheka kwamba napenda kusimama juani na mbuzi na mikokoteni. Lakini mimi ni mtu wa feri. Nilisimama pembeni, nikaitoa nakala ya picha kwenye bahasha, nikaitazama tangu Likoni hadi ng'ambo.

Nikaona bibi harusi. Wallahi niliona bibi harusi, na niliona kwa hakika kabisa. Macho yale ya chini nimeyapiga picha mara nyingi mno. Bibi harusi wa kwetu hatazami watu wala hacheki. Huketi akaangalia mapaja yake huku wenziwe wakimwimbia, na akicheka ataambiwa hana haya. Mikono ile iliyowekwa juu ya paja, kiganja kimoja ndani ya kingine, naijua. Wageni wa mbali huona huzuni hapo, kumbe ni adabu. Nilishuka feri nimeshapata maelezo yangu kichwani, na nilikuwa nimeanza kuyapenda.

Mikindani nilifika jua limeshapanda. Nilichukua tuktuk kutoka mjini, tukapita Makupa na Changamwe, malori ya bandarini yakitufukizia moshi njia nzima. Kilonzo alikuwa ukumbini, juu ya ngazi, akipigilia misumari. Aliteremka akaniagizia chai ya maziwa na mandazi kabla sijafungua mdomo. Ni mtu mwema, na hilo ndilo linalofanya iwe taabu kugombana naye.

"Mwalimu, umeniharibia," nilimwambia. "Huyu si mjakazi. Ni bibi harusi."

Aliichukua picha, akavaa miwani. "Sasa Madam Rukia, mimi naandika tu vile naona. Angalia hii nguo. Nyeusi, haina maua. Si hiyo ni kaniki? Si ndiyo watumwa walikuwa wanavaa?"

"Vioo vya picha vya zamani havikuiona nyekundu. Shuka nyekundu ilitoka nyeusi. Huwezi kuapa juu ya rangi."

"Sawa, tuache rangi. Angalia masikio." Aliweka kidole juu ya picha. "Kuna matundu mengi, kutoka juu mpaka chini, na ndani hamna kitu. Wewe ndiye mtu wa harusi. Umewahi kuona bibi harusi wa hapa hana hata heleni?"

Niliinama nikayatazama. Zamani wanawake wa pwani walitobolewa masikio ukingo mzima, wakatia majasi, yale mapambo ya duara ya fedha au ya karatasi ya rangi. Hata maskini alikuwa na ya karatasi. Na bibi harusi huazimwa dhahabu ya mji mzima ikibidi. Niliona macho na mikono kwa sababu ndiyo ninayopigia picha kila wiki, na masikio nikayapita. Niliona aibu, nikanywa chai.

"Mimi sijamtukana mtu," Kilonzo aliendelea, taratibu. "Watumwa walikuwa hapa, Madam. Walijenga hizi nyumba mnazojivunia. Tukificha hilo neno, tumewaficha wao mara ya pili."

"Yupo msichana Junda ambaye harusi yake itakufa kwa hilo neno."

Alivua miwani akaifuta kwa shati. Hakuwa akijua. "Basi niletee neno lingine," alisema. "Lakini liwe la ukweli. Kadi nitaziandika Ijumaa jioni."

Baada ya adhuhuri nilivuka daraja la Nyali nikaingia upande wa Kisauni. Junda nilikuwa sijaenda muda mrefu, na mahali palipokuwa na minazi sasa pana maghorofa ya kupangisha hadi ukingoni mwa maji. Nyumba ya akina Salma ni ya chini, ina baraza fupi na mlango wa mbao wa zamani uliokuja nao kutoka mjini walipouza nyumba ya wazee. Mlango ule ni mkubwa kwa nyumba ile, na kila anayeingia huutazama.

Salma alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha ukumbini mbele ya nyanya yake. Bi Zuhura ni mwembamba, amepita themanini, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kuipandisha.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo ukae karibu, mato yangu hayaoni mbali. Umekula?"

Niliposema nimekunywa chai Mikindani alitikisa kichwa kama aliyeambiwa nimelala barabarani. Mahamri yakaja, na mbaazi, na kahawa. Hakuna kilichosemwa juu ya picha mpaka nilipokula la pili. Ndipo Bi Zuhura akaita, "Salma."

"Abee, nyanya."

"Ilete."

Salma aliingia chumbani akatoka na fremu. Ile niliyokuwa nayo kwenye bahasha ilikuwa nakala ya nakala. Hii ilikuwa picha yenyewe, karatasi iliyochapwa siku zile na kuachiwa mwenye uso, imegeuka rangi ya chai lakini kila uzi wa mkeka unahesabika. Niliipeleka dirishani. Nikaitazama sasa kama mtu wa kazi, si kama mtu wa harusi.

Nikaona mambo mawili ambayo nakala haikunionyesha. Shuka ilikuwa imevutwa nyuma ya masikio na kubanwa kwa makusudi. Mtu akijitanda kwa kawaida shuka hufunika masikio, na ikiteleza huteleza upande mmoja, si pande zote mbili sawasawa. La pili ni mwanga. Yule bibi wa Kizungu alikuwa na dirisha moja tu, na siku zile aliyepigwa picha alilazimika kukaa kimya muda mrefu, hata pumzi ahesabu, wala hapakuwa na nafasi ya kujaribu mara nyingi. Kwa hivyo mpigaji alichagua kitu kimoja cha kukifanya kiwe wazi. Hakuchagua macho. Uso una ukungu kidogo. Kilicho wazi kabisa, hata ukaweza kuhesabu matundu, ni sikio.

"Bi Zuhura," nilisema, "huyu alitaka masikio yake yaonekane."

"Alhamdulillahi," alisema. "Yeo kapatikana mtu wa kutazama."

Akanieleza. Aliye pichani ni mama wa nyanya yake, na siku ile alikuwa kizuka. Huku kwetu mjane akifiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hatii wanja wala hina, na kila alichonacho cha dhahabu na fedha hukivua. Ndiye tunayemwita kizuka. Masikio yale yalikuwa matupu kwa sababu majasi yalikuwa sandukuni.

"Nyanya yangu ndiye aliyenihadithia," alisema. "Yeye alikuwa mtoto mdogo, kakaa mlangoni anatazama. Yule Mzungu kaja na sanduku na kitambaa cheusi, ncha za vidole vyake zote nyeusi. Wanawake wakadhani katia piko, wakamuuliza anakwenda harusi gani. Kumbe ni dawa ya vioo vyake. Wamecheka mpaka kizuka mwenyewe akacheka, na kizuka hachekeshwi."

Tulicheka nasi. Mimi nilicheka zaidi kwa nafuu niliyoipata. Hapa palikuwa na neno la ukweli la kumpelekea Kilonzo, na neno lenyewe halikumuumiza mtu. Kutokuwa na mapambo hakukuwa dalili ya utumwa, kulikuwa dalili ya ujane. Salma alishusha pumzi ndefu, nikaona mabega yake yanashuka.

"Na kutazamwa na wanaume je?" niliuliza, maana jambo hilo lilinikereketa tangu nilipoiona fremu. "Kizuka haonekani na mwanamume, na pale ukumbini wataingia wote."

"Eda ni miezi minne na siku kumi, mwanangu, si miaka mia. Yake ilikwisha kitambo. Waache watazame."

Nikatoa kalamu. Nikawasomea nilichotunga: Mke wa Kimvita katika eda ya mumewe, amepigwa na mwanamke mgeni ndani ya nyumba yake. Bi Zuhura alisema ni vizuri. Salma alisema atamtumia mama mkwe usiku uleule. Kisha nikauliza kitu ambacho huwauliza watu wote kabla sijaandika chini ya picha, wala sikukifikiria.

"Tuandike jina lake nani?"

Bi Zuhura alikiweka kikombe chini. "Andika Bi Mkubwa, yatosha."

"Hilo si jina, nyanya," Salma alisema. "Aliitwa nani?"

"Nimesema yatosha."

"Kila nikikuuliza tangu mtoto huniambia yatosha."

Nilitaka kuaga. Nilianza hata kukusanya vitu vyangu, lakini Bi Zuhura alinishika mkono akaniambia nikae, kwa kuwa mimi ndiye niliyeuliza. Kisha akasema, "Zafarani."

Labda msomaji wa mbali hataona kitu hapo. Mtu wa Mombasa wa umri wangu hahitaji kuelezwa. Wenye nyumba wa zamani waliwapa watumwa wao majina ya viungo na ya vito na ya siku za wiki, na binti zao wa kuzaa wakawaita Fatuma na Aisha. Jina Zafarani lilikuwa likitangulia mlangoni na kumtaja mtu kabla hajaketi.

Bi Zuhura aliyamaliza yote, macho kwenye mkeka. Zafarani alikuwa mjakazi. Bwana wake alimwacha huru, akamwoa kwa mahari na mashahidi, wakazaa. Alipokufa, nduguze marehemu wakasema hapakuwa na ndoa, yule alikuwa mjakazi tu na hana haki katika nyumba. Mjakazi eda yake ni nyingine, fupi. Zafarani akakaa ya mke, siku zote, bila kupunguza moja. Na yule Mzungu alipokuja na sanduku lake akitaka kuwapiga wanawake wa nyumba wakiwa na dhahabu zao, Zafarani ndiye aliyemwita. Akavuta shuka nyuma ya masikio, akamwonyesha kwa kidole: hapa. Alitaka kitu ambacho mashemeji hawataweza kukikana.

"Walimpa haki yake?" niliuliza.

"Walimpa chumba kimoja. Picha hii akaitundika mlangoni mwake, wote wapitao waione. Ni mimi niliyeiingiza ndani. Nilipoolewa niliwaambia wakwe zangu ni jamaa wa mbali. Mume wangu kafa hajui jina lile."

Alilia bila sauti. Salma hakulia. Alikuwa ameishika fremu magotini. Mimi nilikuwa naogopa, nasema kweli, kwa sababu nilijua nimekifungua kitu ambacho kingeweza kubaki kimefungwa, na si mimi nitakayelipa. Nikasema haraka kwamba kadi si lazima iwe na jina, kwamba maneno niliyokwisha kuyaandika ni ya kweli na hakuna atakayetulaumu.

"Ni ya kweli nusu," Salma alisema. "Yeye alikaa vile ili watu wamjue ni nani. Andika jina, shangazi."

"Utakosa mume," Bi Zuhura alimwambia.

"Huenda."

"Wale watu nawajua. Hawatakuambia kitu usoni. Utangoja, utangoja."

"Sitangoja, nyanya. Nitawaambia mwenyewe kesho, kabla hawajasoma ukutani. Akitaka kunioa, atanioa anajua."

Bi Zuhura alimtazama mjukuu wake, kisha akanitazama mimi, akitafuta, nadhani, mtu mzima wa kumsaidia. Nilitamani kumsaidia na sikujua yupi kati yao. Mwishowe akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Ni wewe uolewaye, si mimi," alisema. "Andika, mwanangu. Uandike na kwamba aliolewa kwa mashahidi."

Jioni nilirudi kwa feri ileile. Sikuitoa picha. Nilikuwa nimechoka, na kichwani nilikuwa nagombana na Salma aliyekuwa hayupo, nikimwambia yote ambayo shangazi wa kweli angemwambia: kwamba ujana haurudi, kwamba kijana mwema ni mmoja kwa kumi, kwamba wafu hawaumwi. Nilipofika nyumbani nilimpigia simu nimwambie nitasubiri hadi Ijumaa, akibadilisha nia anijulishe. Alinishukuru kwa heshima na akaniambia nilale.

Ijumaa nilikwenda Mikindani na kadi yangu. Kilonzo aliisoma akiwa amesimama: Zafarani, mke, katika eda ya mumewe. Alikuwa mjakazi, akaachwa huru, akaolewa mbele ya mashahidi. Ameacha masikio yake matupu yaonekane ili ijulikane kwamba anamkalia mumewe eda kama mke. Mpigaji ni mwanamke ambaye jina lake hatukulipata.

"Kwa hivyo lile neno langu lilikuwa la kweli," alisema.

"Neno lilikuwa la kweli. Wewe ulikuwa huna habari."

Alikubali. Akaichana mwenyewe kadi ya Mjakazi aliyokuwa ameshaiandika, akaniuliza kama anaweza kwenda Junda kumwomba Bi Zuhura radhi. Nilimwambia aende, lakini aende na njaa.

Jumamosi maonyesho yalifunguliwa. Walikuja watu wa mtaa, wengi wao wakitoka kazini, wengine na watoto. Walisimama mbele ya malkia mwenye mwiko wakacheka, wakasimama mbele ya Zafarani wakaisoma kadi hadi mwisho. Mama mmoja wa makamo alilisoma jina, akageuka kunitazama, akalisoma tena. Sikujua anafikiri nini na sikumuuliza. Hilo ndilo nililojifunza katika safari ile: kila mtu huleta macho yake. Mimi nilileta ya harusi, Kilonzo akaleta ya kitabu, nasi sote tulimwangalia mwanamke aliyekuwa akituonyesha kwa uwazi kabisa kile alichotaka tukione.

Salma alikuja alasiri, peke yake. Alinipa mkono, akanijulia hali, nikamuuliza habari za wakwe.

"Niliwaambia Alhamisi. Mama mkwe alinishukuru kwa ukweli wangu, akasema mimi ni binti wa adabu. Jana ameniletea salamu kwamba kijana amepata safari ya Maskati, ya ghafla. Mambo yasubiri kidogo, inshallah."

"Na yeye mwenyewe kasema nini?"

"Simu yake haipatikani."

Moyo uliniuma kwa ajili yake. Nilikwenda ukutani nikaanza kuing'oa pini ya kadi. Sikupanga, mkono ulikwenda wenyewe. Nilimwambia hawajaiona wote, bado tunaweza kuandika nyingine, jina likatoka, watu wakasahau, na safari za Maskati huwa zinafupishwa.

Salma aliuondoa mkono wangu, akaibonyeza pini irudi mahali pake kwa kidole gumba.

"Iache, shangazi," alisema. "Bora nimewajua kabla ya hina."